Somo: Uteuzi asilia ndani ya kidonge cha klorokwini

Tuliokua miaka ya 1990 tunaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria: chungu kama shubiri, na usiku mwili unawasha mpaka unajikuna kwa gunzi. Ilipoacha kuponya, watu walisema "malaria imeizoea dawa". Neno hilo "kuzoea" ndilo linalowapoteza wanafunzi wengi, kwa hiyo leo tunafuata hatua kwa hatua kilichotokea kweli, yaani uteuzi asilia: wenye tofauti inayofaa hubaki na kuzaana, wengine hupotea.

Hatua ya 1: Tafuta tofauti. Mgonjwa mmoja anaweza kubeba mabilioni ya vimelea, yaani vijidudu vya malaria. Kila kimelea kinapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na kunakili hukosewa, kama mtu anayenakili notisi usiku wa manane. Makosa hayo huja yenyewe. Hayasubiri dawa wala hayaijui.

Hatua ya 2: Uliza kama tofauti hiyo inarithiwa. Isiporithiwa, ishia hapo. Hii yetu imo kwenye vinasaba, inarithiwa, basi tunaendelea.

Hatua ya 3: Weka chujio. Hapa tukae kidogo. Kimelea hukaa ndani ya seli nyekundu ya damu kikila himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake. Mabaki ya mlo huo ni sumu, hivyo kimelea huyageuza kuwa chembe ngumu zisizodhuru. Klorokwini huzuia kazi hiyo, na kimelea hufa kwa makombo yake mwenyewe. Sasa, kile kilichozaliwa na kosa fulani kwenye jeni ya mlango wa chumba chake cha kumeng'enyea chakula huitoa dawa nje. Hakikuzoea chochote, kilizaliwa hivyo. Wenzake walikufa, chenyewe kikabaki.

Hatua ya 4: Hesabu vizazi. Kilichobaki kikazaa wengine wasiouawa na dawa kama chenyewe, na huo ndio usugu. Usugu ulionekana Asia ya Kusini-Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikachukua SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwaka 2006 ikahamia dawa mseto.

MASWALI

Mwalimu, kama ni hivyo mbona nyani hawageuki kuwa watu?

Nilijua litakuja! Nyani si babu yetu, ni ndugu wa mbali. Binamu yako hawezi kukuzaa wewe. Yeye naye amepita kwenye chujio zake, na huko aliko anaishi vizuri tu.

Shikamoo mwalimu. Dawa ikiondolewa, usugu unabaki daima?

Marahaba. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993. Mwaka 2005 ikajaribiwa tena kwa watoto wa Blantyre: kati ya 80 waliopewa, ilishindwa kwa mmoja tu. Ule mlango uliobadilika una gharama yake. Pasipo dawa, mwenye nao huachwa nyuma na wenzake wa kawaida. Na vimelea sugu havikujirekebisha. Vile vya kawaida vilivyokuwa vimesalia vichache ndivyo vilivyozaana na kuchukua nafasi.

Basi si turudie klorokwini yetu, mwalimu? Ilikuwa bei poa.

Ukiirudisha peke yake umerudisha na chujio, tunaanza tena hatua ya 3. Ndiyo maana siku hizi dawa huchanganywa: kimelea kinachoponyoka ya kwanza kinakutana na ya pili. Kupata makosa mawili yanayofaa kwa mpigo ni bahati adimu mno, hata kwa mabilioni.