Kuchambua mageuko ya galaksi kwa data za darubini ndogo ya WISE

WISE ni darubini ya NASA iliyopima mwanga wa infraredi kutoka angani, na kioo chake kina upana wa sentimita 40 tu. Usitegemee kuona umbo la galaksi za mbali: kwenye mawimbi ya mikromita 3.4, vitu vilivyokaribiana chini ya sekunde 6 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii) huonekana kama kimoja. Lakini darubini hii ilipiga picha anga lote, kwa hiyo tutatumia rangi za galaksi nyingi.

1. Pata data. Ingia IRSA, hifadhi ya NASA ya data za infraredi, ambayo ni bure, uchague katalogi ya AllWISE. Ina vitu zaidi ya milioni 747, hivyo chukua kipande kilichopimwa pia na SDSS, mradi wa kupima anga kwa darubini ya ardhini. WISE haikupi z, yaani kiasi ambacho mwanga umevutika kuelekea mawimbi marefu. Hiyo z utaitoa kwenye spektra za SDSS, yaani mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi. Oanisha orodha mbili kwa nafasi, ndani ya sekunde 3 za tao.

2. Safisha. WISE ina machujio manne: W1 (mikromita 3.4), W2 (4.6), W3 (12) na W4 (22). Bakiza cc_flags yenye 0000 (hakuna chujio lenye kasoro ya picha) na w1snr, yaani ishara ikilinganishwa na kelele kwenye W1, inayozidi 5. Hapa wengi huharibu kazi: wanadai w3snr nayo izidi 5. Galaksi zilizoacha kuzaa nyota hazina vumbi la kutosha kung'aa kwenye mikromita 12, kwa hiyo ukizikata umefuta nusu ya habari unayoitafuta. Ziache. Pale w3snr iliposhuka chini ya 2, w3mpro, yaani mng'ao kwenye W3, ni kikomo tu, si kipimo. Ichore kwa mshale.

3. Chora rangi, yaani tofauti ya mng'ao kati ya machujio mawili: W2−W3 kwa mlalo, W1−W2 kwa wima. Galaksi za nyota kongwe zitajikusanya kushoto, karibu na sifuri. Zinazozaa nyota zitasogea kulia, kwenye 2 hadi 4. Zilizovuka 0.8 kwa wima mara nyingi zina shimo jeusi linalomeza gesi. Zitenge, vumbi lao halipashwi joto na nyota peke yake. Namba hizi ni za mfumo wa Vega wa kupima mng'ao, usizichanganye na mfumo mwingine uitwao AB.

4. Gawanya kwa z, kwani z ikiwa kubwa galaksi iko mbali zaidi na tunaiona ilivyokuwa zamani zaidi. Galaksi ikiwa z = 1, chujio la mikromita 22 linapokea mwanga uliotoka ukiwa na mikromita 11. Linganisha basi mawimbi yaleyale ya asili, ukisahihisha kwa violezo vya spektra, yaani spektra za mfano za galaksi. Halafu weka kiwango kimoja cha mng'ao halisi ambacho hata fungu la mbali zaidi linakifikia, la sivyo utadhani galaksi za kale zote zilikuwa majitu.

SPHEREx, darubini nyingine ya NASA iliyorushwa 2025 ikiwa na kioo cha sentimita 20, inatoa rangi 102 lakini inaishia mikromita 5. Kwa vumbi la mikromita 12 na 22, bado utarudi kwa WISE.