Namna ya kupima turbo ya moteri ya mazuti (dizeli) mbele ya kununua motokari Bukavu

Kila mara kuna mtu ananipigia simu: "Yaya, nimepata Prado, ya mazuti, iko na turbo, muuzaji anasema haina hata shida moja, nitoe franga?" Na mi najibu vilevile kila siku, usitoe kitu, nipe asubuhi moja na hiyo motokari ikiwa bado baridi. Sasa nimechoka kurudilia kwa simu, njo naandika hapa ile ninafanyaka ile asubuhi.

Kwanza uelewe turbo inafanya nini. Moteri ya mazuti haina buji ya kuwasha kama ya esansi (petroli). Inashindilia hewa mara 20 hivi, hewa inapata moto kupita digrii 500, halafu mazuti inapulizwa ndani inawaka yenyewe. Sasa Bukavu tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa yetu imepungua karibu asilimia 15 kuliko ya kule Banana pembeni ya bahari. Hewa ikipungua mazuti haiungui yote, moshi mweusi, nguvu hakuna, unapanda Kadutu na viteso (gia) ya kwanza na watu wa miguu wanakupita. Turbo inaokota moshi ule unaotoka, unazungusha turbini, gurudumu la mabawa, turbini iko kwenye mhimili mmoja na kompresa, gurudumu lingine la mabawa, kompresa inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya moteri. Inazunguka kupita mara 100,000 kwa dakika, na huku milimani inabidi izunguke zaidi kuliko kule chini ili ilete hewa ileile. Ule mhimili haukae kwenye chuma, unaelea kwenye mafuta ya moteri. Shika hilo neno, mafuta, juu turbo nyingi nimeona zimekufa ni kwa mafuta ao kwa vumbi, yenyewe haikufi hivi hivi.

Wazo lake ni la zamani sana, Mswisi mmoja Alfred Büchi alipata hati yake mwaka 1905. Mercedes-Benz 260 D ya mazuti ilitoka 1936 lakini bila turbo. Turbo ilikaa kwenye mameli, kwenye matreni, kwenye makamyo, na kwenye gari ndogo ya watu ikangoja mpaka 1978, Mercedes-Benz 300 SD, waliyoitengeneza kwa ajili ya Marekani, juu sheria ya kule ilibana makampuni yapunguze esansi na mazuti ambayo magari yao yanakunywa. Moteri ya lita 3, silinda tano, bila turbo ilikuwa na farasi 80 hivi, na turbo ikapita 110. Lakini haikuwa kufunga turbo tu na kwenda nyumbani! Waliweka matundu ya kurushia mafuta chini ya pistoni zipoe, valvu za kutolea moshi wakaweka sodiamu ndani juu ya ule moto, na vilbrekeni, ule mhimili mkubwa wa chini, wakaukomaza. Nitarudi hapo.

Sasa asubuhi yenyewe. Fika mbele ya muuzaji, ao mwambie asiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa kapo (boneti). Ikiwa na moto, rudi nyumbani, kesho utarudi, juu moteri iliyopashwa inaficha mambo mengi. Ikiwa baridi fungua kapo, fungua tiyo (bomba) inayotoka kwenye filtri ya hewa kwenda kwenye turbo, ni skurubu moja ao mbili tu, muuzaji akikataa unajua. Ingiza vidole, shika ncha ya mhimili. Sukuma na uvute, mbele nyuma: hapo haitakiwi usikie kitu. Halafu pande pande: kidogo inacheza, hiyo ni kawaida, ni nafasi ya mafuta, watu wengi wanaogopa hapo bure na muuzaji anapunguza bei bure (wewe ukiwa mnunuzi nyamaza). Mbaya ni mabawa yakigusa ukuta. Tazama na ncha za mabawa kwa tochi, zikiwa zimeliwa kama panga ya zamani, basi hii gari ilitembea bila filtri ao na filtri iliyopasuka, na vumbi ya mwezi wa saba njia ya Kavumu unaijua mwenyewe. Vumbi ilioliwa na turbo ililiwa na silinda pia. Mafuta kidogo ndani ya tiyo si kitu, mafuta yanayotiririka njo shida.

Rudisha tiyo, washa. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaisha haraka, sawa. Unaendelea na unanuka mazuti, shida ni enjektere, zile zinazopuliza mazuti, ao buji za kupashia moteri asubuhi. Wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua, ukitoka hasa baada ya kukaa ralanti (moteri inazunguka polepole bila kukanyaga) kisha ukanyage, macho kwa turbo. Mweusi unauona kwenye mpando, njo maana usikubali kujaribu gari kule chini kwenye tambarare, panda nayo Kadutu, watu wanne ndani. Ukisikia mluzi mkubwa na nguvu haiko, mara nyingi ni tiyo ya kauchu ya hewa imepasuka, dola chache tu. Ukirudi, moteri ikiwa ralanti, fungua kifuniko cha mafuta na ukiweke kichwa chini juu ya tundu lake. Kikirukaruka, pistoni zimechoka, turbo nzima haitakusaidia. Na tazama maji ya radiatere (ikipoa!!), hasa zile moteri za Toyota 1KZ za lita 3, kulasi yake, kile kichwa kinachofunika silinda, ni aluminiumu na milima yetu haiihurumii.

Sasa ile nilisema nitarudi. Kuna mafundi hapa wanafunga turbo kwenye moteri iliyozaliwa bila turbo, 1HZ ya Land Cruiser kwa mfano. Inakimbia, sikatai, miezi michache unafurahi. Lakini kazi kama ile ya 1978, ya kukomaza moteri kwa ajili ya moto wa turbo, haikufanywa, na fundi anaongeza mazuti kwenye pompu ili mwenye gari aone tofauti, moto unapanda, pistoni inapasuka. Mi singenunua. Kama ni lazima, pompu isiguswe.

Mazuti pia. Zile za zamani pompu yao inavumilia, lakini tangu Alfa Romeo 156 ya 1997 magari yalianza kutumia komoni reli, bomba moja linalolisha enjektere zote, mazuti inakandamizwa mpaka bar 1,350, na mpya zimepita hapo, inatoka kwenye matundu ya sehemu ya kumi ya milimita hivi. Prado ya D-4D iko hivyo. Usiipe bidoni ya Kadhafi, wale wanaouza mazuti na esansi barabarani, tone la maji linatosha kukuletea hesabu ya enjektere nne. Na ndiyo, hata yule Kadhafi wa pale mtaa wa Essence ambaye ni rafiki yako.

Ukishanunua, vidanji, kubadilisha mafuta ya moteri, kila kilomita 5,000, usinisikilizishe mambo ya 10,000 ya kwenye kitabu, kitabu hakikuandikwa kwa njia yetu. Ukiwasha usikanyage mara moja. Ukimaliza kupanda, iache ralanti dakika moja ao mbili kabla ya kuzima, juu ukizima mafuta yanasimama na turbo bado iko moto, yanaungua pale pale kwenye mhimili na kuwa makaa.

Papa mdogo wangu hakufanya hivyo, na siku moja moteri ikajipandisha yenyewe. Turbo ilikuwa inavujisha, moteri ikaanza kula mafuta yake yenyewe, unatoa kontakti (ufunguo) haizimi, inalia kama ndege na moshi umefunika parsele nzima. Ikikufikia na gari ni ya ambreyaje (klachi): freni kwa nguvu zote, weka viteso ya juu, achilia ambreyaje, itazima. Otomatiki: ziba tundu la hewa na ubao mnene, kamwe si mkono. Ukishindwa, kimbia, gari itanunuliwa nyingine.

Tulibadilisha turbo yake, na fundi wa kwanza alitaka kufunga mpya siku ileile. Nikakataa. Tulifungua kwanza tiyo ndogo inayoleta mafuta, imejaa makaa, ile mpya ingekufa juma lile. Tukabadilisha tiyo, tukaosha intakula, ile inayopoza hewa ya turbo, juu ilikuwa na mafuta ya zamani ndani, vidanji, filtri mbili mpya. Halafu tukakata mazuti, tukazungusha demareri (stata) mara kadhaa kidogo kidogo, moteri isiwake, mpaka taa ya mafuta ikazima. Njo tukairudishia mazuti, tukawasha, tukaiacha ralanti tukaenda kula sambaza.