Godoro jipya na mtoto mchanga: jinsi ya kupunguza kemikali

Godoro la sponji linapotolewa kwenye nailoni yake, ile harufu kali inayojaa chumba ni kemikali za kiwandani zinazogeuka hewa, na mtoto mchanga huzivuta kwa wingi kwa sababu pua yake iko karibu kabisa na godoro na, kwa kila kilo ya uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, waliotoa mwaka 2014 matokeo ya kupima magodoro 20 ya vitanda vya watoto, walikuta kwamba magodoro mapya hutoa kemikali hizo takribani mara 4 kuliko yaliyokwisha kutumika, na kwamba joto la mwili wa anayelala huziongeza.

Kwa hiyo godoro linunuliwe mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kujifungua. Livuliwe nailoni yote, hata ile ambayo wengi wetu huiacha ili lisichafuke, kisha lisimamishwe wima barazani penye upepo na kugeuzwa kila siku. Kulianika juani kutwa nzima kunafaa godoro la sufi, lakini sponji iliyo wazi ikipigwa na jua siku nyingi hugeuka manjano na kumeguka vumbi, hivyo kivuli ni bora. Ili kulipima, lilaze chumbani, funga madirisha usiku kucha, na asubuhi inama, ulibonyeze kwa kiganja na kunusa hewa inayotoka. Harufu ikiwapo bado, lirudishwe nje.

Mpira wa kuzuia mkojo wenye harufu kali usinunuliwe. Shuka la pamba lifuliwe kabla ya kutumika na likazwe lisikunjamane. Dawa ya kunguni isipuliziwe godoroni kamwe. Chandarua chenye dawa kisiachwe, kwani malaria ni hatari kubwa zaidi. Kikiwa kipya, kianikwe kivulini kwa saa 24.

Nawasihi wazazi wasikimbilie godoro kuukuu lililobonyea kwa kuogopa harufu, kwa sababu kukosa hewa huua haraka kuliko kemikali yoyote niliyoitaja. Mtoto alazwe chali, mahali pagumu na bapa pa peke yake, katika chumba cha mama, bila mto wala blanketi zito, na asilale kitanda kimoja na mtu anayevuta sigara au aliyekunywa pombe.