SOMO: Kuvalisha bati la rangi ukuta wa hosteli ya wanafunzi

Wakuu, habari za wakati huu. Swali ni lilelile kila wiki: "Nina hosteli ya ghorofa, nataka ukuta wa bati za rangi, nianzeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja inbox. Naandika mara moja, atakayeuliza tena atatumiwa linki.

Mfano ni ukuta wa bloku uliopigwa plasta, upana mita 12, kimo cha bati mita 9, karibu na bahari. Bati linaanzia mita 3 kutoka ardhini. Chini yake acha plasta, maana ndipo baiskeli zinapoegemezwa na mipira inapopigwa. Wa Dodoma na Mbeya wapunguze masharti ya chumvi, mengine yanabaki.

1. Bati. Chuma kilichochovywa alumini na zinki (alumini 55%), mchovyo wa gramu 150 kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, unene milimita 0.5. Geji 30, lile jembamba, waachie mabanda. Mawimbi yakirusha povu mpaka ukutani, achana na chuma, nunua alumini. Nyekundu na chungwa ndizo zinazopauka haraka. Kwa ukuta wa magharibi lipia rangi ya PVDF (aina inayostahimili jua) au chagua rangi tulivu. Agiza zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu njano ya mwezi huu na ya mwezi ujao hazifanani.

2. Hesabu. Pima upana unaofunika, si upana wa bati zima. Likifunika mita 0.7, 12 gawa kwa 0.7 ni 17 na kitu, sema 18. Kwa safu tatu za mita 3 ni bati 54. Usitoe madirisha; vipande vinavyobaki vitafunika kingo zake. Skrubu weka 6 kwa mita ya mraba, yaani kama 650.

3. Fremu. Bati la migongo ya wima linataka papi (fito) za chuma za ulalo, kila mita 1. Papi hizo zikigusa plasta moja kwa moja zinaziba hewa, kwa hiyo zibebwe na vibano vya milimita 40. Pima kwa timazi, usiamini plasta. Bolti ziingie kwenye bloku yenyewe.

4. Hewa na moto. Kila usawa wa slabu ziba upenyo ulio kati ya bati na ukuta kwa sufi ya mwamba (nyuzi za mawe zisizoungua) iliyobanwa na bati, moto usipande. Kila ghorofa iwe na matundu yake ya hewa chini na juu, yenye wavu wa alumini wa kuzuia panya na popo. Wavu wa shaba usitumie, unakula bati.

5. Kukata. Hapa niliwahi kuharibu, someni polepole. Bati haliozi katikati. Linaoza lilipokatwa, lilipotobolewa na linapogusa saruji. GRENDA MARUFUKU. Diski inachoma rangi na zinki pande zote za mkato, na cheche zake ni chembe za chuma cha moto zinazojibandika kwenye bati la jirani. Siku hiyo huoni kitu. Baada ya mvua chache ukuta wa njano unaota madoa ya kahawia kama umerushiwa chai, na ukiyafuta yanabaki matundu kwenye rangi. Tumia mkasi wa bati au mashine ya kung'ata, au bora zaidi, kiwanda kikukatie kwa vipimo. Ukingo wa kiwandani uelekee chini, uliokata wewe ufichwe juu. Onyo jingine: usichore alama kwa penseli, kaboni yake inaanzisha kutu, tumia peni ya wino. Vumbi la drili lifagiliwe siku hiyohiyo kwa brashi laini. Na plasta iishe na kukauka kwanza, maji ya saruji yanakula zinki na alumini.

6. Kufunga. Paani skrubu inapigwa mgongoni. Ukutani piga bondeni, juu ya papi. Skrubu za daraja la 4 (la kuhimili kutu ya pwani), zenye washa ya mpira. Kaza mpaka mpira uchungulie ukingoni, ukipasuka, umezidisha. Kusi ndiyo inayoleta masika, kwa hiyo ukuta unaotazama bahari anza kaskazini kwenda kusini, kila bati jipya lilalie la nyuma. Ngozi ya plastiki bandua siku ya kufunga, jua likiipika haitoki.

7. Kuziba. Silikoni yenye harufu ya siki ina asidi. Nunua isiyonuka siki.

8. Unganisha fremu na athi ya jengo, yaani waya wa umeme unaoingia ardhini.

MASWALI

boss_hosteli: Mkuu somo zuri. Ukuta mzima unatoka bei gani?

Mtoa somo: Idadi iko hatua ya 2. Zidisha kwa bei ya kiwandani kwako.

FundiKigamboni: Grenda tunatumia miaka yote, hakuna mteja aliyerudi.

Mtoa somo: Mteja kutorudi si ushahidi. Nenda kaangalie ukingo wa chini wa kazi yako ya miaka mitatu iliyopita, upige picha, uweke hapa.

dada_msanifu: Kwa nini usitumie paneli za alumini zile bapa? Zinapendeza zaidi.

Mtoa somo: Swali zuri, dada. Nyingi ni karatasi mbili za alumini zenye plastiki katikati, na plastiki hiyo ikiwa polithini inawaka. Ndizo zilizokuwa kwenye ghorofa la makazi la Grenfell Tower, London, lililoungua Juni 2017, watu 72 walikufa. Mwaka 2019 hosteli ya wanafunzi ya The Cube kule Bolton nayo moto ulipanda kwa nje, ingawa paneli zake zilikuwa za aina nyingine. Ukizitaka, dai cheti cha daraja A2, yaani karibu haziwaki kabisa. Kisha kuna suala la mazingira: bati tupu lililofungwa kwa skrubu unalifungua, unaliuza, linayeyushwa upya. Alumini chakavu inataka takriban 5% tu ya nishati ya alumini mpya. Lililogandishwa na povu au plastiki nani atalitenganisha?

mlezi_wa_bweni: Bati letu linalia tak! tak! jioni, wanafunzi wanasema jini.

Mtoa somo: Linasinyaa. Chuma cha mita 9, joto likibadilika nyuzi 40, kinasogea kama milimita 4. Alumini mara mbili yake. Ndiyo maana nimegawa vipande vya mita 3. Vyenu ni vya urefu gani? Weka utepe wa mpira kati ya papi na bati.

boss_hosteli: Nimalizie tu, kuosha ni lazima?

Mtoa somo: Chini ya vibaraza, ndiyo, kila miezi mitatu kwa maji matupu. Mvua haifiki pale, chumvi inabaki.

mlezi_wa_bweni: Vya kwetu mita 6. Na je, wanaotoboa bati kwa misumari wafunge kamba za nguo?

Mtoa somo: Hao huwashindi. Chomelea kulabu kwenye papi kabla ya kuchovywa zinki, zitokeze nje pembeni mwa kila dirisha. Mwanafunzi akikuta kulabu hatafuti msumari.