Kutunza vifaa vya uokoaji barafuni: kutoka Elena hadi stoo ya Kasese

Maadui wa vifaa vya barafu kwenye milima ya Rwenzori, Uganda, ni maji, tope na stoo. Anayepanda Margherita, kilele cha juu kabisa (mita 5,109), hukaa juu ya barafu ya Mlima Stanley saa chache tu. Siku nyingine zote kamba, kramponi (fremu za chuma zenye meno zinazovalishwa viatu ili visiteleze barafuni) na mikanda imo kwenye mzigo wa mpagazi, mvua inanyesha, na tope la bonde la Bujuku linapenya kila mshono. Kikundi kikishuka, mzigo unatupwa pembeni, na baada ya siku 2 unapanda tena na kikundi kingine. Mfuko wa uokoaji ndio unaoumia zaidi, kwa sababu haufunguliwi mpaka mtu atumbukie kwenye ufa wa barafu.

Andaa beseni 2, mswaki mzee, sabuni ya maji isiyo kali, tupa ya mkono yenye meno laini, mafuta mepesi ya mashine, kilainishi kikavu cha silikoni au grafiti, matambara, tepu ya kitambaa na daftari.

Hatua ya 1: Anzia kambini

Kazi ya kwanza inafanyika Elena, kambi ya mwisho kabla ya kilele (mita 4,541), au Margherita Camp kwa wanaopitia njia ya Kilembe, kabla hata ya chai. Kung'uta theluji kwenye kramponi na shoka la barafu, uzifute kwa tambara. Kamba ifungue, iwekwe ovyo ovyo juu ya benchi ndani ya kibanda, isibaki imekunjwa. Kamba iliyolowa hupoteza sehemu ya nguvu yake, na ikigandishwa na baridi ya usiku inakuwa ngumu kama fito: haipiti kwenye kifaa cha kushushia na mafundo hayakazi.

Usiianike juu ya sigiri. Nailoni inayeyuka kwenye joto la nyuzi 200 na kitu, lakini ile mikanda myembamba myeupe ya Dyneema (nyuzi za plastiki zenye nguvu sana) inayeyuka karibu na nyuzi 145, na cheche moja ya makaa inatosha kutoboa ganda la kamba. Moshi wenyewe hauui kamba, ila masizi hufunika alama ambazo ungepaswa kuziona wakati wa ukaguzi.

Kramponi zisisafiri pamoja na kamba. Makovu mengi kwenye kamba za kukodisha huanzia ndani ya mzigo, si mlimani. Jerikani ya lita 5 iliyokatwa mdomo inafaa kabisa kubebea jozi moja.

Hatua ya 2: Kuosha

Tope likikauka ndani ya kamba linakuwa mchanga mkali unaosaga nyuzi kila kamba inapovutwa. Loweka kamba kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, dakika 20 hivi, uisukesuke kwa mkono. Kama maji yamekuwa ya kahawia, yamwage, uanze upya. Sabuni tone tu. Usitumie sabuni ya unga, wala dawa ya kung'arishia nguo, wala brashi ya nguo ngumu. Suuza mara 2 au 3 mpaka maji yawe meupe.

Hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani anayovaa mpandaji) na mikanda mingine huoshwa vivyo hivyo. Kwenye bizimu tumia mswaki, maana punje za mchanga zikikaa hapo utepe huteleza.

Anika kivulini, penye upepo, kwa siku 2 hadi 3. Joto la Kasese hukausha haraka, lakini jua la moja kwa moja hula nailoni, basi anika chini ya baraza. Ukigusa kamba ukahisi ubaridi kidogo, bado haijakauka ndani. Kama biashara yako ina vikundi vinavyofuatana, nunua kamba ya pili. Hakuna ujanja mwingine hapa.

Hatua ya 3: Kukagua kamba na kila kitu cha nguo

Pitisha kamba yote mikononi, sentimita kwa sentimita, macho yakiangalia na vidole vikipapasa. Kwa kamba ya mita 50 tenga dakika 20. Anayemaliza kwa dakika 5 hajakagua. Kila baada ya nusu mita ikunje iwe kitanzi kidogo. Kamba nzima inatoa mviringo. Ikikunjika bapa kama utepe, au ukihisi pengo, uvimbe au ulaini mahali pamoja, kiini (nyuzi za ndani) kimeumia hata kama ganda linang'aa. Mahali pakiwa karibu na ncha, kata kwa kisu cha moto, uandike urefu mpya kwenye tepu ya nchani, urekebishe na alama ya katikati. Mahali pakiwa katikati, kamba imekwisha.

Ganda lililochanika kiini kikaonekana, sehemu iliyoyeyuka na kuwa kama kioo, doa usilojua limetoka wapi: hivyo vyote ni sababu za kuitupa. Ganda lenye manyoya kidogo peke yake si tatizo.

Kwenye hanesi tazama kitanzi cha kati kinachofungwa kifaa cha kushushia, pamoja na vile vitanzi viwili vya kupitisha fundo. Ndipo inapolika kwanza. Mishono mingi imeshonwa kwa rangi tofauti na mkanda makusudi, ili uzi uliokatika uonekane. Uzi mmoja ukikatika kwenye mshono wa kubebea uzito, hanesi hairudi kazini, na haishonwi na fundi cherehani hata awe hodari vipi.

Umri nao una hesabu yake. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 tangu tarehe ya kutengenezwa kwa vitu vya nguo, hata kama havijatumika. Kamba inayopanda kila wiki huhesabiwa mwaka mmoja au pungufu. Tarehe iko kwenye lebo ya nchani, nayo hufutika, kwa hiyo inakili kwenye daftari siku ileile unapoinunua. Ukinunua mtumba usio na lebo, umenunua kamba ya kufungia mizigo.

Hatua ya 4: Karabina, kapi na skrubu za barafu

Fungua mlango wa karabina (pete ya alumini ya kuunganishia kamba na vifaa) polepole kisha uuachie. Lazima urudi wenyewe mpaka mwisho. Ukikwama, ioshe kwa maji ya moto kiasi yenye sabuni, ufungue na kufunga mara nyingi, ikaushe, tia tone la kilainishi kikavu, ufute kinachobaki. Mafuta mazito hunasa vumbi, ndani ya wiki umerudi palepale. Soma ubavuni: karabina ya kawaida hubeba kilonewton 20 (kilonewton 1 ni kama uzito wa kilo 100) kwa urefu mlango ukiwa umefungwa, lakini mlango ukiwa wazi inatakiwa kubeba 7 tu. Ndiyo maana mlango mzito unahesabiwa ni ubovu. Mfereji uliochimbwa na kamba ukifika kina cha milimita 1, karabina inatoka kazini. Unga mweupe juu ya alumini ni kutu yake. Ukifutika na chini pakawa laini, endelea, ila pakiwa na vishimo, iache.

Kapi (gurudumu la kupitishia kamba) zungusha kwa kidole, usikilize. Kapi lenye meno ya kuzuia kamba isirudi lichunguzwe kati ya meno. Tope likijaa hapo, kamba inateleza na mtu anarudi chini.

Skrubu ya barafu (bomba la chuma linaloskrubiwa barafuni ili kufungia kamba) ikitoka barafuni, toa kiini cha barafu papo hapo kabla hakijaganda ndani. Ikiwa imeshaganda, iweke ndani ya koti ipate joto. Usiigonge juu ya mwamba wala kwenye skrubu nyingine: hesi (ile mistari ya msokoto) zikipata jeraha dogo, haitaingia tena bila kupigana nayo. Nyumbani pitisha tambara lenye mafuta mepesi ndani ya bomba, kwa sababu kutu ya ndani hushika kiini. Vifuniko vya meno virudishwe. Kunoa meno ya skrubu kwa mkono kunataka pembe kamili. Kama huna kifaa chake, afadhali kununua nyingine.

Hatua ya 5: Kramponi na shoka

Angalia kwanza mipasuko kwenye mikunjo ya fremu na kwenye upau wa kati unaounganisha mbele na nyuma. Kinachoivunja zaidi ni kuvalishwa kiatu laini. Wageni hupita matope kwa gambuti, na wapo wanaotaka kuendelea nazo hadi juu, kataa. Gambuti hukunjika, upau nao unakunjika hadi unachoka. Pima kramponi na kiatu chenyewe Kasese, kabla ya safari: ivalishe bila kufunga mikanda, nyanyua kiatu, utikise kidogo. Isianguke. Beba skrubu na nati 2 za akiba, kwa kuwa hulegea njiani.

Vibao vya mpira au plastiki chini ya kramponi visikosekane hata kimoja. Hapa ikweta theluji hulowa mapema mchana na kugandamana chini ya mguu mpaka meno hayaigusi barafu.

Njia ya Margherita hupita mwamba na barafu kwa zamu, kwa hiyo meno hufa haraka. Noa kwa tupa ya mkono, kuvuta kuelekea nchani, kwenye kingo nyembamba tu. Nyuso pana usiziguse. Usitumie mashine ya kunolea: joto lake huondoa ugumu wa chuma, na jino litapinda siku ya kwanza. Usinoe mpaka liwe wembe, linakatika na tena linachana suruali. Shoka linoe hivyohivyo ukifuata pembe yake ya awali, kisha ushike kichwa na mpini uvitikise. Pakicheza hata kidogo, weka pembeni. Malizia kwa kupaka mafuta kwenye chuma.

Hatua ya 6: Mfuko wa uokoaji

Kwa kundi la watu 4: kapi 2, moja likiwa la kuzuia, karabina za kufungwa 6, skrubu 2 hadi 3 za sentimita 16 hadi 19, mikanda 2 ya sentimita 120, vitanzi vya prusiki (kamba nyembamba inayofungwa juu ya kamba kuu ili iibane ikivutwa) vya milimita 6, viwili kwa kila mtu, kisu, blanketi la dharura. Kamba ya kuokolea iwe nyingine, si ile inayowaunganisha.

Fungua mfuko kila mwezi. Fundo la mvuvi maradufu kwenye prusiki liwe na mikia ya sentimita 6 au zaidi. Kisha ulijaribu kwa kweli: lowesha kamba, funga prusiki mizunguko 3, ning'iniza gunia la posho (unga wa mahindi) la kilo 50 kwenye boriti. Likiteleza, ongeza mzunguko wa nne. Bado likiteleza, kitanzi ni kinene mno kwa kamba hiyo au kimekauka ugumu. Jengeni na mfumo wa kuvuta wa tatu kwa moja (kapi zikipunguza nguvu ya kuvuta hadi kama theluthi), mnyanyue gunia hilo mkiwa mmevaa glavu. Ni hapo mtajua kama karabina zinatosha.

Taa za kichwani zihifadhiwe bila betri. Redio ichajiwe siku ya ukaguzi. Mikanda ya machela ipekuliwe kama ya hanesi.

Hatua ya 7: Stoo

Betri ya gari au ya sola isikae chumba kimoja na kamba. Asidi yake hula nailoni, na kamba iliyoguswa inaweza kuonekana nzima kabisa. Petroli, mafuta ya taa na rangi viende kwingine. Chini ya mabati bila dari ni joto mno. Panya hutafuna chochote chenye chumvi ya jasho, yaani mikanda ya hanesi, basi ning'iniza vitu kwenye vigingi vya mbao na si misumari. Mfuko wa plastiki uliofungwa huotesha ukungu. Tumia gunia la pamba.

Kila kifaa kiwe na namba kwenye tepu, na mstari wake daftarini: tarehe ya kutengenezwa, safari, anguko lolote, jina la aliyekagua. Usiandike juu ya kamba kwa kalamu ya wino.

Kilichokataliwa kikatwe siku hiyohiyo. Kamba katakata vipande vya mita 2, vinafaa kufungia mbuzi. Hanesi kata kitanzi cha kati. Helmeti yenye ufa ipasuliwe, kwa maana ikibaki kwenye rafu mtu atakayechelewa asubuhi ataichukua.