Ukipendekeza kitabu, tuma ukurasa wa kwanza

Mkijuliana hali kwenye WhatsApp na mazungumzo yafike kwa vitabu, usiishie kwa "ni kitamu sana, kitafute." Tuma picha 2: jalada na ukurasa wa kwanza wa hadithi. Jalada ni la muuzaji wa vitabu vya mitumba pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Akiliona kwenye simu, anajua kitabu cha kuchomoa kwenye rundo. Ukurasa ni wa rafiki yako: anaionja lugha yenyewe, na kwa dakika 2 anajua kama kitamshika. Sifa zako haziwezi kumwonjesha hilo. Piga picha karibu na dirisha, flashi ukiizima, maana karatasi laini hung'aa na maneno yakafutika. Kandamiza kitabu kilale, la sivyo mistari itamezwa kwenye mkunjo.

Mbinu hii hukwama kitabu kikiwa na matoleo yenye majalada tofauti. Hapo ongeza ISBN, namba ya kutambulisha toleo la kitabu, iliyo nyuma: tarakimu 13, au 10 kwa vilivyotoka kabla ya 2007. Na kama kitabu kinaanza polepole, chagua ukurasa wa mbele kidogo usiofichua kisa.