Namna ya kutazama resi za mashua kwenye runinga bila kusinzia

Usianze na resi ya moja kwa moja. Anza na iliyokwisha rekodiwa, na ukiniuliza mimi, iwe ile ya nane ya fainali ya America's Cup, kombe kubwa la mashua za tanga, ya 2021 kule Auckland, New Zealand dhidi ya Luna Rossa, chombo cha Italia. Ipo YouTube, haifiki saa nzima, bando lako litavumilia. Vyombo vile vina mabawa chini ya maji yanayovinyanyua mpaka vinaruka juu ya bahari. Mara upepo unapungua, chombo cha New Zealand kinashuka majini, na Waitaliano wanawaacha kwa zaidi ya kilomita mbili. Ungedhani mambo yamekwisha. Kisha Waitaliano nao wanageuza mahali pasipo na upepo, nao wanakaa chini, New Zealand wanapita na kushinda kwa takriban dakika 4. Itazame hivyo hivyo hata kama huelewi kitu, halafu rudi hapa.

Shemeji yangu, mtu wa bara na mgonjwa wa kandanda, alikaa nami kidogo akitazama, akauliza: "Sasa shemeji, mpira uko wapi?" Nililipenda swali lake, maana ndilo linalowafukuza watu wengi. Mpira ni upepo, na hauonekani. Ukishalikubali hilo, kazi yako ni kutafuta alama zake. Sisi Lamu, siku ya mashindano, watu hujaa gatini na kwenye ufuo wa Shela, na wazee hawatazami mashua kwanza, hutazama maji. Pale maji yalipokunjamana yakawa meusi, upepo upo. Pale palipolala pakang'aa, hapana kitu, na nahodha anayeelekea huko anazomewa kabla hajafika. Kwenye runinga fanya vivyo hivyo: picha inapopigwa kutoka kwenye helikopta, acha chombo, tafuta weusi.

Jambo la pili ndilo lililoiua michezo hii kwenye runinga kwa miaka mingi. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Sharti kibishe, kikate pembe mara kushoto mara kulia. Kwa hiyo mmoja anaweza kuwa ukingo huu wa uwanja na mwenzake ukingo ule, na kamera inakuonyesha mmoja tu. Nani yuko mbele? Kwa jicho tupu, hata aliyezaliwa na usukani mkononi hukosea. Wataalamu wa kompyuta kutoka Dunedin, New Zealand, walianza kulitatua kwa michoro kwenye mashindano ya San Diego ya 1992. Kisha San Francisco, 2013, Stan Honey, baharia na mhandisi ambaye awali alishiriki kuleta ule mstari wa njano unaochorwa uwanjani kwenye runinga katika kandanda ya Kimarekani, akachora mistari juu ya picha halisi ya bahari. Utaiona ikikata njia ya upepo, imepangwa kwa nafasi sawa. Sahau umbali wa kushoto na kulia. Hesabu mistari tu: aliyevuka mstari wa juu zaidi ndiye anayeongoza, hata kama anaonekana amepotea pembeni. Mimi huwaambia wageni wangu wakae na mistari hiyo kwa resi moja nzima bila kujali kingine chochote.

Na ile mipaka ya pembeni si ya bahari. Waandaaji wameiweka ili vyombo visiende mbali na kamera, na anayeigusa huadhibiwa. Ujanja mwingi huzaliwa hapo, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake atalazimika kugeuza wapi.

Dakika mbili kabla ya kuanza, usiende kuchukua chai. Katika America's Cup vyombo viwili huingia kutoka pande zinazokabiliana, vikafukuzana na kuzungukana, kila nahodha akitaka kuvuka mstari kwa kasi kamili sekunde ile ile saa inapofika sifuri, na mwenzake awe amezibwa. Akivuka mapema, adhabu. Mwaka 2021 New Zealand na Waitaliano walipeana ushindi mpaka 3–3, na mara nyingi mambo yalishaamuliwa pale pale mstarini.

Sheria ni kitabu kizima, wewe jifunze moja. Vyombo viwili vinapokutana vikibisha, kinachopokea upepo ubavu wake wa kulia kina haki ya njia, cha pili kipishe. Ukiijua hiyo, kila wanapokaribia kukatana moyo utakuenda mbio. Ongeza na hili, ambalo mvuvi yeyote wa pwani analijua: aliye mbele humwachia wa nyuma upepo uliovurugika. Ndiyo maana utaona kiongozi anageuza kila mpinzani anapogeuza, kama hana akili yake mwenyewe. Anamfunika makusudi.

Halafu pandisha sauti. Mabaharia wamevaa vinasa sauti, na huko ndiko kwenye utamu ambao mtu aliye ufuoni haupati kamwe. Barcelona, 2024, kila chombo kilikuwa na watu wanane: manahodha wawili, mmoja kila ubavu, wawili wa matanga, na wanne ambao kazi yao ni kupiga pedali kutoa nguvu. Nahodha wa upande mmoja haoni yaliyo nyuma ya tanga, humtegemea mwenzake amwambie. Hata kama Kiingereza chao kinakupita, sikiliza urefu wa maneno. Yakianza kuwa mafupi mafupi, kuna jambo linakuja.

Kuhusu kasi, mimi na vijana hatukubaliani. Vyombo hivi hukaribia kilomita 100 kwa saa, lakini baharini hakuna miti wala nyumba za kukupa kipimo, na kutoka juu vinaonekana vinatambaa. Subiri picha ya chini, chombo kikipita boya, ndipo utaamini. Ila kasi haitoshi kumweka mtu kitini. Mwaka 1983, Newport, Marekani, vyombo vilikwenda polepole kabisa, lakini Australia walikesha mpaka asubuhi kuona Australia II ikitoka nyuma katika resi ya saba na kuwapokonya Wamarekani kombe walilolishika miaka 132. Waziri Mkuu Bob Hawke akasema mwajiri atakayemfukuza mtu kwa kutokwenda kazini siku ile ni mtu wa hovyo. Kwa hiyo chagua upande kabla hujawasha. Mimi ni New Zealand, tangu 2013 walipokuwa wanawaongoza Wamarekani 8–1, wakahitaji pointi moja tu. Siku moja walikuwa mbele sana, upepo ukalala, dakika 40 za kikomo zikaisha, resi ikafutwa. Wakapoteza 9–8. Runinga inataka kitu chenye saa ya kumalizika, na upepo haukusaini mkataba huo. Ukiona wameahirisha, zima, fanya kazi zako.

Asiye na subira aende SailGP: vyombo vya aina moja, mataifa mengi, resi fupi karibu na ufuo, fainali ya vyombo vitatu. Watoto huipenda. Mimi hunichosha baada ya muda, kila kitu kinapita kabla sijakibishia.

Vendée Globe usiitafute kwenye runinga. Mtu mmoja anazunguka dunia peke yake bila kusimama bandarini. Charlie Dalin alishinda ya 2024–25 kwa siku 64 na kitu. Hiyo ni ya ramani kwenye simu, unaifungua asubuhi kuona usiku nani amekwenda wapi.

America's Cup ijayo ni Naples, Italia, 2027. Msimu wao wa joto saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo kwetu resi zitaangukia mchana au alasiri. Zile za Auckland zilitaka mtu awe macho saa kumi na mbili asubuhi.